Kalamu Sita: Rangi na Tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi wa NBA

Ndugu waandishi, watangazaji, makocha na wapenzi wa kikapu,

Tuanze na hesabu, kwa sababu mjadala huu kwa kawaida huanza na kelele, na hesabu huja mwishoni kama inakuja kabisa. Msimu wa 2004/05, Steve Nash wa Phoenix Suns alitwaa tuzo ya mchezaji mwenye thamani zaidi wa NBA kwa pointi 1,066. Shaquille O'Neal wa Miami Heat alishika nafasi ya pili kwa pointi 1,032. Wapigakura walikuwa waandishi na watangazaji 127. Sitini na tano walimweka Nash wa kwanza, 58 wakamweka Shaq, na wanne waliobaki wakachagua wengine.

Karatasi ya kura ina nafasi tano. Unayemweka wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne 3 na wa tano 1. Sasa chukua mpigakura aliyeandika Nash wa kwanza na Shaq wa pili, umgeuzie majina hayo mawili. Nash anashuka pointi 3, Shaq anapanda 3, na pengo kati yao linapungua kwa 6. Pengo lote lilikuwa 34. Kalamu sita tu kati ya 127 zingeandika vingine, na tuzo ingekwenda Miami.

Nash ni Mzungu. Shaq ni Mweusi. Mwaka ule mwandishi wa safu wa Miami Herald, Dan Le Batard, aliuliza hadharani kama rangi ilikuwa na mkono wake katika matokeo hayo, na alishambuliwa sana kwa kuuliza tu. Lakini swali lilikuwa halali. Watu sita ni wachache kiasi kwamba karibu chochote kinaweza kuwasogeza: urafiki, kinyongo, hata saa za mechi, maana Phoenix huanza kucheza wakati mwandishi wa New York anatafuta mto wake.

Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba rangi ni vigumu kuikamata kwenye jina la mshindi. Inakamatika kirahisi zaidi katika sehemu mbili: katika kile kinachohesabiwa uwanjani, na katika maneno tunayotumia kumsifia mchezaji. Na chombo cha kuikamatia ni karatasi ya kura ya mtu mmoja mmoja, ikiwa na jina lake juu.

Tumtendee Nash haki kwanza. Suns walikuwa wameshinda mechi 29 msimu wa kabla yake. Alipofika wakashinda 62. Alipocheza rekodi yao ilikuwa 60 kwa 15. Mechi saba alizokosa walishinda mbili na kupoteza tano. Alikuwa na wastani wa pointi 15.5 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 11.5, katika msimu ambao waamuzi walielekezwa kuadhibu vikali ulinzi wa kumshika mtu kwa mikono mbali na kikapu, jambo lililowafungulia njia wachezeshaji wepesi kama yeye. Upande wa pili, Heat walipanda kutoka ushindi 42 hadi 59 baada ya Shaq kuwasili, na Lakers aliowaacha wakaporomoka kutoka 56 hadi 34. Yeye alifunga 22.9 na kuchukua ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.4. Ukimchagua yeyote kati ya hao wawili, huna haja ya kujitetea. Ligi haijawahi kuwaandikia wapigakura kipimo cha thamani: ni mchezaji bora kwa jumla, au ni yule ambaye timu ingekufa bila yeye? Kila mmoja anakuja na mizani yake kutoka nyumbani, na hapo ndipo mazoea ya mtu, pamoja na mazoea ya rangi, yanapopata nafasi ya kuingia.

Msimu uliofuata unafundisha zaidi. Nash alishinda tena, safari hii kwa pointi 924 dhidi ya 688 za LeBron James. Watu hulalamika kwamba Kobe Bryant alionewa: alikuwa na wastani wa pointi 35.4, na tarehe 22 Januari 2006 aliwafunga Toronto pointi 81. Akamaliza wa nne. Ukifungua hesabu yake unakuta jambo la ajabu. Kobe alipata kura 22 za nafasi ya kwanza, nyingi kuliko LeBron aliyekuwa wa pili. Hizo peke yake ni pointi 220. Jumla yake ilikuwa 483, kwa hiyo wapigakura 103 waliobaki walimpa pointi 263 tu, wastani wa 2.5 hivi kwa kila karatasi. Hiyo ni chini ya thamani ya nafasi ya nne. Maana yake wengi walimsukuma chini kabisa au hawakumwandika.

Je, huo ni ubaguzi wa rangi? LeBron aliyempita ni Mweusi vilevile. Lakers walishinda mechi 45 tu, na Kobe alikuwa bado amebeba mzigo wa kesi ya tuhuma za ubakaji ya Colorado ya 2003 na lawama za kuondoka kwa Shaq. Kura ile ilikuwa na hasira ndani yake. Mchambuzi anayetumia mwaka 2006 kuthibitisha upendeleo wa rangi amechagua ushahidi mbovu wakati ushahidi mzuri upo. Na kwa kuwa kila mara Nash anatajwa kama Mzungu aliyebebwa, ijulikane tu kwamba alizaliwa Johannesburg mwaka 1974, na wazazi wake waliihama Afrika Kusini ya makaburu akiwa bado mdogo wakaenda kulea watoto wao Kanada.

Ushahidi mzuri uko kwa Bill Russell, senta (mchezaji wa chini ya kikapu) wa zamani wa Boston Celtics.

Msimu wa 1954/55 Russell alikiongoza Chuo Kikuu cha San Francisco kutwaa ubingwa wa vyuo wa taifa, akiwa na wastani wa zaidi ya pointi 20 na zaidi ya ribaundi 20 kwa mechi. Tuzo ya mchezaji bora wa ukanda wao ilipewa Ken Sears wa Santa Clara, Mzungu, ambaye timu yake haikufika popote karibu na ubingwa ule. Sears hakuwa mchezaji wa hovyo. Lakini Russell alieleza mara kwa mara baadaye kwamba tangu siku hiyo aliacha kutegemea tuzo za kupigiwa kura, akaamua kufukuzia kitu kimoja ambacho hakuna mtu anayekipigia kura, yaani matokeo ya mechi. Akamaliza maisha yake ya NBA akiwa na mataji 11 katika misimu 13.

Sasa tazameni mwaka 1958. Wakati huo, na hadi 1980, tuzo ya mchezaji mwenye thamani zaidi ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe, na mchezaji hakuruhusiwa kumpigia mwenzake wa timu moja. Ligi ilikuwa na timu nane, na Wazungu walikuwa wengi mno; mtu Mweusi wa kwanza alikuwa ameingia uwanjani mwaka 1950 tu, na bado kulikuwa na ukomo usioandikwa wa idadi ya Weusi kwa kila timu. Wachezaji hao, wengi wao Wazungu, walimchagua Russell. Msimu huohuo waandishi wa habari walichagua kikosi bora cha kwanza cha ligi: Bob Pettit, Dolph Schayes, George Yardley, Bob Cousy na Bill Sharman. Watano, wote Wazungu. Russell akawekwa kikosi cha pili. Mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi hakutosha kuwa mmoja wa watano.

Ni nadra kupata jambo kama hili katika michezo: mchezaji mmoja, msimu mmoja, majaji wa aina mbili, hukumu mbili. Waliopambana naye chini ya kikapu walisema hivi, waliomtazama kutoka meza ya waandishi wakasema vile.

Lakini hapa pia tuwe waangalifu. Jambo hilo lilijirudia 1961 na 1962. Wachezaji walimpa Russell tuzo, waandishi wakamweka kikosi cha pili. Tofauti ni kwamba safari hii senta aliyemtangulia kikosi cha kwanza alikuwa Wilt Chamberlain, Mweusi mwenzake. Mwaka 1962 Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4, na Oscar Robertson, naye Mweusi, alikuwa na wastani wa tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na asisti kwa msimu mzima. Russell alifunga 18.9. Kwa hiyo ya 1958 rangi huwezi kuiondoa kwenye maelezo. Ya 1961 na 1962 rangi haiwezi kuwa maelezo. Kilichobaki ni kile cha pili nilichosema: kinachohesabiwa.

NBA ilianza kuandika rasmi bloku (mitupo iliyozuiwa) na mipira iliyoporwa msimu wa 1973/74. Russell alistaafu 1969. Kazi yake kuu, ile iliyobadilisha namna mchezo unavyolindwa, haikuwa na safu kwenye karatasi ya takwimu hata siku moja alipokuwa anacheza. Angalieni filamu zake mtaona alivyokuwa akizuia. Mlinzi wa kawaida hupiga mpira kwa nguvu ukaenda kwa mashabiki. Ukumbi unalipuka, na wapinzani wanarudishiwa mpira. Russell aliugusa kwa ncha za vidole, ukapanda juu au ukaelekea kwa mwenzake, Boston wakaondoka nao mbio upande wa pili. Karatasi ya takwimu ingeandika kikapu cha aliyefunga na pengine asisti ya Cousy, mwenzake wa Boston. Na mfungaji wa upande wa pili, mara inayofuata akikaribia kikapu, anasita au anarusha kutoka mbali. Hilo nalo halikuandikwa, na mpaka leo ni gumu kuandika. Aliyelijua ni yule aliyesita. Ndiyo maana wachezaji walimpigia kura.

Heshima ya wachezaji wenzake haikumfuata nje ya uwanja. Oktoba 1961, akiwa ndiye mshikilizi wa tuzo, Celtics walikwenda Lexington, Kentucky, kwa mechi ya kirafiki dhidi ya St. Louis Hawks. Wachezaji Weusi wa Celtics walinyimwa huduma kwenye mgahawa wa hoteli waliyofikia. Russell na wenzake Weusi walipanda ndege kurudi nyumbani, Weusi wa Hawks nao wakagoma, na mechi ikachezwa na Wazungu peke yao. Nyumba yake ya Reading, Massachusetts, ilivunjwa, ikaandikwa matusi ya rangi ukutani na kitanda kikatiwa kinyesi. Jezi yake ilipotundikwa Boston Garden mwaka 1972, alitaka ifanyike kabla ya milango kufunguliwa kwa mashabiki. Mwaka 1975 alikataa kwenda kuingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima, na alikubali pete yake 2019 tu, faraghani, akisema wapo waliopaswa kumtangulia, kama Chuck Cooper, mchezaji Mweusi wa kwanza kuteuliwa na timu ya NBA. Cooper aliingizwa mwaka huohuo wa 2019.

Tugeukie maneno. Mei 1987, Boston walipowatoa Detroit katika mechi ya saba ya mchujo, Dennis Rodman wa Detroit alidai Larry Bird wa Boston anasifiwa kupita kiasi kwa sababu ni Mzungu, na mwenzake Isiah Thomas akaongeza kwamba Bird angekuwa Mweusi angekuwa mchezaji mzuri kama wengine tu. Bird alikuwa ametoka kushinda tuzo mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986, na alistahili. Kwa hoja hiyo Thomas alikosea, na alilipa gharama kubwa. Lakini alipojieleza siku chache baadaye alisema jambo ambalo wachache walilisikiliza: kwamba mchezaji Mweusi akifanya makubwa watangazaji husema ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na Bird akifanya hayohayo wanasema ni akili na juhudi, kana kwamba mtu Mweusi hakuwahi kukesha akifanya mazoezi. Hilo halimhusu Bird hata kidogo. Linatuhusu sisi wenye kipaza sauti.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji maabara. Chukueni rekodi ya matangazo yenu ya mechi moja, andikeni kila sifa mliyompa kila mchezaji, kisha mzigawe katika mafungu mawili: za mwili, kama nguvu, kasi na urefu, na za kichwa, kama kusoma mchezo, subira na uongozi. Magic Johnson na LeBron ni miongoni mwa wasomaji wakubwa wa mchezo waliowahi kutokea. Hesabuni wanasifiwa mwili mara ngapi. Mkifanya hivyo kwa ligi zetu rangi huenda isiwe mstari wa mgawanyo. Utakuta Msudani Kusini mrefu anasifiwa urefu na kijana wa mjini anasifiwa akili, na kosa ni lilelile.

Mwaka 2023 mjadala ulirudi kwa nguvu. Nikola Jokić, Mserbia, alikuwa ameshinda 2021 na 2022 na alikuwa anaelekea kushinda mara tatu mfululizo, jambo lililofanywa na Russell, Chamberlain na Bird tu. Kwenye kituo cha televisheni cha ESPN, mchambuzi Kendrick Perkins alihoji kwa nini Nash, Dirk Nowitzki na Jokić, wote Wazungu, walishinda bila kuwa kwenye kumi bora ya wafungaji, na akadai asilimia 80 ya wapigakura ni Wazungu. Madai ya asilimia hiyo hayakusimama. Kituo chenyewe kilisoma masahihisho hewani kikisema jopo ni mchanganyiko zaidi ya alivyolieleza. Na nafasi ya ufungaji ni kipimo kibovu kwa mtu ambaye kazi yake ya kwanza ni kupika mpira kwa wenzake. Tuzo ilikwenda kwa Joel Embiid wa Kamerun, pointi 915 kwa 674. Yeye ndiye mzaliwa wa tatu wa Afrika kuipata, baada ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwaka 1994 na Nash, yule wa Johannesburg. Wiki chache baadaye Jokić akatwaa ubingwa na Denver.

Kilichonisikitisha katika sakata lile ni kwamba takwimu moja ya kubahatisha iliua swali zuri. Swali lilikuwa: je, mchezaji Mzungu husamehewa pungufu ambalo Mweusi hasamehewi? Hilo linapimika, na karatasi zipo. Tangu msimu wa 2013/14 ligi inachapisha kura ya kila mpigakura kwa jina, na tangu 2017 watangazaji wanaolipwa na klabu hawapigi kura tena. Mtu akitaka kuthibitisha upendeleo, apange karatasi za miaka kumi aone nani hufuata mizani ipi, na kama anaibadili mizani hiyo mgombea anapobadilika. Aliyemchagua mtu kwa sababu ya ushindi wa timu, je, mwaka uliofuata alishika kigezo hichohicho?

Kuchapisha kura kuna faida iliyopimwa kwingine. Wachumi Joseph Price na Justin Wolfers walichambua misimu 13 ya NBA, 1991/92 hadi 2003/04, wakaonyesha kwamba mchezaji alipulizwa faulo nyingi zaidi waamuzi walipokuwa wa rangi tofauti na yake. Habari hiyo ilitapakaa mwaka 2007. Uchambuzi wa misimu iliyofuata ulikuta upendeleo ule umetoweka, ingawa haukukuta dalili kwamba ligi iliwafundisha upya waamuzi au kuwabadilishia malipo. Kujua kwamba wanatazamwa kulitosha.

Upande wa wanawake kuna mfano unaofaa kufundishia. Mwaka 2023 wapigakura wa WNBA walikuwa 60. Alyssa Thomas alipata nafasi ya kwanza kwenye karatasi 23, Breanna Stewart 20, A'ja Wilson 17. Mshindi alikuwa Stewart. Fanyeni hesabu: Stewart alikuwa wa pili kwa watu 23 na wa tatu kwa 17, jumla 446. Thomas alikuwa wa pili kwa 12 tu na wa tatu kwa 25, jumla 439. Wilson alipata 433, na mtu mmoja alimweka wa nne. Thomas na Wilson ni Weusi, Stewart ni Mzungu, na kelele zikawa nyingi. Karatasi zinaonyesha Thomas aliangushwa na nafasi za pili. Mfumo wa 10-7-5-3-1 humpendelea anayekubalika kwa wengi kuliko anayependwa sana na baadhi. Ile karatasi moja ya nafasi ya nne haikubadilisha mshindi: hata kama ingekuwa ya kwanza, Wilson angefika 440. Mwaka uliofuata alishinda kwa kauli moja, kura zote 67, wa kwanza tangu Cynthia Cooper mwaka 1997.

Msidhani hii ni sifa tu. Katika NBA mchezaji aliyemaliza mkataba wa kwanza anaruhusiwa hadi asilimia 25 ya ukomo wa mishahara wa timu. Akiwa ametwaa tuzo hii anaweza kufikia 30, na mwenye miaka saba hadi tisa kwenye ligi anaweza kuruka kutoka 30 hadi 35. Mwandishi anashika kalamu inayohamisha mamilioni ya dola, ilhali hakuna anayemhoji kama anavyohojiwa mwamuzi.

Kwa mlio na ligi zenu hapa nyumbani na mnaotaka kutoa tuzo hii, yapo ya kuiga bila gharama. Kocha asimpigie kura mchezaji wake, kama wachezaji wa enzi za Russell walivyokatazwa kuwapigia wenzao wa timu moja. Mezani kwa wachukua takwimu awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni ulinzi peke yake: bloku, mipira iliyoguswa, mara ambazo mfungaji aligeuzwa nje ya eneo. Kura zibandikwe ukutani zikiwa na majina. Na wekeni kima cha chini cha mechi ambazo mgombea lazima awe amecheza. NBA tangu 2023/24 inadai mechi 65 kati ya 82, karibu asilimia 80. Kwa ligi ya mechi 22 hiyo ni mechi 18. Tangazeni idadi hiyo kabla ya mechi ya kwanza, maana ikitangazwa mwezi wa mwisho watu watasema imemlenga mtu, na pengine watakuwa wanasema kweli.